Pigo Nililomnyima Dada

Jumatatu ya wiki iliyopita nilimpoteza dada yangu, yule niliyemfuata kuzaliwa. Simu ilinikuta hapa Al Thumama, Doha, kwenye nyumba ya wafanyakazi, nimevaa yunifomu tayari, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Mwanawe ndiye aliyepiga. Alisema, "Auntie, Mum ametuacha." Ruhusa ya kusafiri sikupata. Nilipewa siku mbili za kupumzika, nami sijui mtu hupumzikaje na jambo kama hilo.

Ijumaa asubuhi wanaume wa jengo la pili walitoka kucheza kriketi kwenye uwanja wa mchanga nyuma yetu, kabla jua halijakaza. Sauti ya gongo likikutana na mpira iliingia dirishani, nami nikaketi sakafuni. Sauti ile nilikua nayo.

Kwetu ni kwenye mashamba ya majani chai, na huko hakuna aliyejua besiboli mpaka mwalimu wetu wa hesabu alipoileta. Alituambia ni mchezo wa kurushiwa mpira, kuupiga kwa gongo na kukimbia kuzunguka vituo vinne. Vituo vyetu vilikuwa magunia ya mbolea. Gongo alilichonga fundi wa milango, na lilinuka vanishi mpaka likashika harufu ya jasho la mikono yetu. Tulicheza baada ya kupeleka majani chai kwenye mizani, vidole vikiwa vyeusi kwa utomvu, na nyanya akituita kutoka jikoni kwamba githeri inaungua na kuni hazijaletwa.

Mwalimu alikuwa na kitabu kisicho na jalada, kimejaa safu za namba za wapigaji wakubwa wa ng'ambo: kila mmoja alisimama mara ngapi mbele ya mrushaji, akapiga mara ngapi, akazunguka vituo vyote mara ngapi. Alituazima. Mimi na dada tulikifunika kwa karatasi ya pakiti ya unga, tukawa tunakisoma tukipukuchua mahindi. Majina yao yalitushinda kutamka, tukawapa yetu. Dada alimpenda mmoja tuliyemwita Mnene, aliyepiga mpira ukapotea kabisa. Mimi nilikuwa na Mpole, ambaye hakupiga mbali lakini alikosa mara chache.

"Mpole wako anapiga kama anafukuza kuku," dada alinitania.

"Na Mnene wako nusu ya siku anapiga hewa."

"Hewa yake inatosha. Hebu hesabu tena."

Tulihesabu tena. Tulibishana kama inafaa kumlinganisha mtu wa zamani na mtu wa juzi, ambao hawakurushiwa mpira na warushaji walewale. Nyanya aliuliza kama hao watu watakuja kutulimia. Dada aliziamini zile safu kuliko nilivyoziamini mimi. Alisema namba haina mdomo, haiwezi kumpendelea mtu. Na mwalimu alikuwa na neno lake kwa kila aliyelia: hata walio bora kabisa hukosa mara saba katika kumi, kwa hiyo futa machozi urudi kwenye mstari.

Akatuanzishia daftari letu. Ukipiga, unaandikiwa duara. Ukifika kituoni kwa sababu mdakaji amezembea mpira aliostahili kuudaka, unaandikiwa msalaba, na msalaba si pigo. Dada akipiga niliandika mimi, nikipiga aliandika yeye. Muhula wa pili ulipoisha, mwalimu alikuwa na nafasi moja iliyobaki kwenye timu ya kwenda mashindano, na waliobaki tulikuwa mimi na dada. Tulikuwa sawa, duara kwa duara, na kila mmoja alibakiwa na zamu moja.

Zamu yangu nilikosa. Yake aliupiga mpira chini chini, ukagonga jiwe karibu na mfereji, ukaruka juu ya bega la binti wa jirani. Hakuna mtoto ambaye angeudaka. Niliona jiwe. Niliona mpira ukiruka. Mwalimu alikuwa ameinama anafunga kamba ya gunia. Nikaandika msalaba.

Namba zilikuwa bado sawa, na mwalimu akasema atakayekwenda ni mdogo, maana mkubwa ameshawahi kusafiri na kwaya. Lile duara moja ndilo lingempeleka yeye. Dada alilitazama daftari kwa muda. Akasema, "Nilidhani nimepiga." Halafu akavua raba zake akanipa, kwa kuwa zangu zilikuwa zimetoboka.

Nilikwenda. Nilikula chipsi kwa mara ya kwanza. Nilisimama mbele ya mrushaji mara tatu na mara zote tatu nikapiga hewa, ndani ya raba zake.

Miaka yote alijisifia nami. Siku naondoka kuja Doha aliwaambia walionisindikiza, "Huyu si mchezo, alininyang'anya nafasi ya timu kwa haki kabisa." Nilicheka pamoja nao. Kila likizo nilisema nitamwambia, na kila likizo alinichinjia kuku.

Shule ile sasa ina ua wa mawe mahali pa magunia. Mwalimu alishakufa, nyanya pia. Daftari sijui lilikokwenda, na aliyelikumbuka pamoja nami ndiye huyu dada aliyeondoka.

Jumatano iliyofuata mwanawe alinitumia ujumbe: "Auntie, andika ile part ya utoto kwa eulogy. Wewe ndiyo unaijua." Niliandika hayo yote kwenye historia ya marehemu, na jiwe, na ule msalaba. Akapiga simu.

"Auntie, uko sure? Hii itasomwa mbele ya watu."

"Iweke vile nilivyoandika."

"Sawa. Lakini Mum angecheka tu."

"Pengine. Iweke."

Maziko yalikuwa Jumamosi. Saa ya hapa na ya nyumbani ni moja, kwa hiyo saa saba yao ilikuwa saa saba yangu. Mwanawe aliniwekea video, nami nikaegemeza simu kwenye sufuria. Mganda ninayelala naye chumba kimoja alizima feni ili nisikie. Nilisubiri sehemu yangu. Picha ikatikisika, nikaona wingu jeusi juu ya hema, nikamsikia mwongozaji akisema, "Wapendwa, historia ya marehemu iko kwenye vijitabu, mtajisomea nyumbani. Mvua inatufukuza."

Mvua ikaanza. Watu wakafungua vijitabu wakajifunika vichwa, wakasogea kaburini.