Mtungi Uliopigwa Tupa

Nilimpiga mume wangu na spana ya bomba, ile ndefu nzito, kwanza begani, halafu kwenye mkono aliouinua kujikinga. Nilisikia mfupa ukilia. Sikuacha. Mtoto wetu wa miaka mitatu alikuwa amesimama mlangoni amejishika uso kwa mikono miwili, damu inapita katikati ya vidole, na baba yake, badala ya kumkimbilia, alikuwa amepiga magoti akiziba mtungi kwa kiganja ili pombe isimwagike. Hapo ndipo nilipookota spana.

Ilikuwa Jumapili mchana, watu wa kambi yetu ya wafanyakazi wa chai wametoka kanisani, majani ya chai yanang'aa mpaka kwenye vizingiti vyetu. Walisikia mlipuko, kisha wakasikia sauti yangu, na nikiri kwamba matusi niliyotukana siku hiyo sikufundishwa kanisani.

Mume wangu alikuwa fundi msaidizi katika karakana ya kiwanda. Klabu ya mameneja ilipobadilisha mashine yake ya soda, mitungi yake ya zamani ya chuma ilitupwa pamoja na vyuma chakavu, naye akaleta miwili nyumbani. Alikuwa na mpango. Angechachusha pombe ya unga wa wimbi katika mtungi wa kwanza, kisha aisukume hadi wa pili ikiwa safi, na watu wa kambi wanywe pombe ya mfereji yenye povu, kama wazungu.

Tatizo ni kwamba mitungi hiyo haikuwa ndugu. Yote ilikuwa na shingo mbili, moja ya hewa na moja ya kinywaji. Lakini shingo za mtungi wa kwanza zilikuwa na pini zimetokeza pembeni, mbili upande wa hewa, tatu upande wa kinywaji, na kichwa cha kuunganishia mpira wa kupitishia pombe lazima kiwe na mikato ya kuzishika hizo pini. Shingo za mtungi wa pili zilikuwa laini, na kichwa chake hushika kwa vigololi vilivyo ndani. Kichwa cha huu hakiwezi kukaa kwenye ule. Mtu yeyote mwenye macho angeona.

Mimi nilisoma mpaka kidato cha nne na fizikia nilipita. Zaidi ya hayo, nimelelewa na mama aliyekuwa akipika busaa, pombe ya nafaka, ya sherehe, na sijawahi kumwona akiziba chungu. Pombe inayochachuka inapumua. Ukiifungia, inasukuma.

"Toa hewa kwanza," nilimwambia mume wangu wiki ile ya kwanza. "Bonyeza hiyo kitu ya katikati ya shingo na msumari, polepole."

"Kumbe wewe ndio fundi saa hii?"

"Mimi ndio nalala na mtoto kando ya hiyo kitu."

Akanipiga kofi. Kofi la kawaida, ningesema siku hizo, na hilo neno "kawaida" ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Sikupenda ile pombe. Nilitaka tu isilipukie mtoto, na vichwa vinavyolingana vingeipitisha taratibu bila kutumia nguvu. Tulikuwa na chumba kimoja na jiko dogo, nao mtungi ulikaa mahali pa joto, karibu na godoro la mtoto. Kwa hiyo nilichukua kipande cha sabuni ya kufulia, nikakigandamiza juu ya shingo za mtungi mmoja, nikageuza upande wa pili nikafanya hivyo kwa mwingine. Alama zikatoka safi, na pini zake. Siku ya soko nikabeba sabuni hiyo ndani ya leso hadi kwa muuza vyuma vya mitumba huko Kericho.

"Mama, hii ni sabuni ama ni barua?" akauliza.

"Ni saizi. Isome."

Alicheka mpaka akakaa. Lakini alipekua kopo lake la vichwa vya shaba, akijaribisha kimoja kimoja, na nikarudi na vichwa viwili sawasawa, kimoja cha pini na kimoja cha vigololi, vya kufungwa kila kimoja kwenye ncha yake ya mpira mmoja. Nilivijaribu kwenye mitungi mwenyewe. Viliingia, vikashika.

Jumamosi wakaja marafiki zake wawili wa karakana kuona mtambo. Wakaona na sabuni yenye alama, kwa sababu sikuona haja ya kuificha.

"Bosi! Kumbe engineer ni mama watoto!" akasema mmoja.

"Wacha wewe. Siku hizi spana zinafua nguo," akaongeza mwenzake.

Mume wangu alicheka nao. Aliwasindikiza mpaka barabarani akicheka. Aliporudi alichomoa vile vichwa viwili, akaenda kuvitupa chooni, kisha akafungua mshipi. Alinipiga upande wenye chuma. Nilitema jino kwenye karai, mtoto akiangalia.

Kesho yake alileta tupa na kukata pini zote za mtungi wa kwanza, ati ziwe laini kama za mwenzake. Fundi mzima. Akakalisha juu yake kichwa kingine cha vigololi alichotoa karakana, kikakataa kushika, akakizungushia tyubu ya baiskeli, akachukua nyundo. Nilikuwa nje naanika nguo, mlango ukiwa wazi.

"Usigonge! Haujatoa hewa! Mtoto ako hapo!"

"Nyamaza!"

Akagonga.

Kichwa cha shaba kilirukia uso wa mtoto kama jiwe la kombeo. Mengine nimeshasema. Aliyenitoa juu ya mume wangu ni jirani, mama kutoka upande wa ziwa, aliyenikumbatia kwa nyuma akinivuta. "Nyathina, mwanangu, wacha! Ukiua mtu, mtoto atabaki na nani?" Nilitupa spana, nikambeba mtoto.

Hospitalini walimshona juu na chini ya jicho la kushoto. Jicho lenyewe lilikuwa limefungwa na uvimbe, na daktari akasema hawezi kujua kama linaona mpaka lifunguke. Nilitoka hapo moja kwa moja hadi kituo cha polisi, mtoto amelala begani.

Afisa wa zamu aliniangalia mdomo, akamwangalia mtoto.

"Mama, tuandike pombe haramu. Hiyo ni rahisi. Tunakuja, tunamwaga, yeye analipa faini, mnarudiana."

"Si pombe imemshtaki. Ni mimi."

"Basi ni ajali ya nyumbani."

"Ajali ni kama hangeambiwa. Aliambiwa."

Akaweka kalamu chini. "Na yeye naskia umemvunja mkono."

"Ndiyo. Andika hiyo pia."

"Nikiandika nitakuweka ndani."

"Niweke. Lakini mtoto aandikwe kwanza."

Alivuta kitabu cha matukio. Nilimfanya anisomee alichoandika, na mara mbili aliporuka neno nilimrudisha. Mwishowe kilisema hivi:

Mlalamishi ni mama wa mtoto. Anasema Jumapili mchana mumewe aligonga kwa nyundo mtungi uliojaa hewa ndani ya nyumba, mtoto akiwa karibu, baada ya kuonywa zaidi ya mara moja. Mtoto aliumia jicho la kushoto. Mlalamishi anasema si ajali. Anasema Jumamosi yeye mwenyewe alipigwa kwa mshipi akapoteza jino. Anakubali kwamba alimpiga mumewe kwa spana. Anaomba fomu mbili za P3, za daktari kuandika majeraha, ya mtoto na yake. Anaomba mume asikanyage nyumba hiyo mpaka daktari aseme kama mtoto anaona.