Boya la Wavuvi

Harufu ya choo chetu cha Lituhi haijanitoka puani: kutu, ukungu, mkojo wa popo, na juu yake uvundo wa usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, walioanikwa ufukweni. Kilikuwa choo cha kuvuta maji, ndani ya nyumba ya serikali aliyopewa baba, bwana shamba kutoka Tanga, alipohamishiwa huko miaka ya vijiji vya ujamaa. Kilifungwa kwa kufuli kumngoja mgeni wa mkoani. Sisi tulitumia choo cha shimo nyuma ya jiko, ambako masika funza walipanda hadi kwenye magogo ya kukanyagia, nami nilichuchumaa nimebana pumzi na kufumba macho. Nyuma ya kufuli, choo cha mgeni kilijisafisha mchana na usiku. Maji yalichuruzika bila kukoma, yakiosha sinki ambalo hapakuwa na mtu wa kulichafua.

Maji hayo yalitoka katika tangi dogo mlimani, lililolisha pia bomba la kijiji. Watu walikuwa wameacha mashamba yao ya vilimani kwa sababu waliahidiwa bomba hilo. Kila asubuhi lilikuwa kavu, nao wakachota kijitoni, kwenye tope walilokunywa ng'ombe. Jirani yetu, Mama Osmunda, alikuwa na mjukuu aliyeharisha hadi macho yakazama. Siku moja alisimama uani na ndoo tupu. "Mama Zuhura, nyumba yenu inakojoa usiku kucha," alimwambia mama yangu. "Maji yasipotoka, mimi narudi kwangu mlimani, viongozi waje wanibebe na kitanda."

Mama aliona haya. "Hata ukitawadha mtoni, israfu ni israfu," alimwambia baba. Baba akajibu kwamba ameshaomba fundi wa serikali, na mali ya umma haiguswi ovyo. Haraka haraka haina baraka. Ingawa nilikuwa mdogo nilijiuliza, kuchelewa kuna baraka gani?

Baba alipokwenda Kingerikiti kukagua mashamba, mama alichukua ufunguo. Alipofunua tangi la choo nilitapika. Mjusi aliyeoza alielea juu ya utelezi mweusi, mende wakakimbilia mikononi mwa mama. Aliingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akatoa boya, lile puto la shaba linaloinuka na kuziba maji tangi likijaa. Lilikuwa limetoboka, limejaa maji, zito kama jiwe. Mama Osmunda akaleta boya la wavu wa marehemu mumewe, kipande cha mti mwepesi, wakalifunga kwa kamba mahali pa lile la shaba. Tukasikiliza. Kimya.

Kesho yake bomba la kijiji lilitoa maji, na siku zilizofuata pia. Mtoto akaanza kunyonya tena.

Kisha ikaja habari kwamba mgeni amefika Mbinga, kesho yuko Lituhi. Baba akafungua choo, akaona. "Mgeni akikuta kigogo cha wavuvi ndani ya choo cha serikali, nitamwambia nini?"

"Mwambie kinafanya kazi," mama alisema.

Baba alirudisha boya la shaba, na maji yakachuruzika tena usiku kucha. Asubuhi watoto tulipangwa tukaimba, mgeni akafungua bomba mbele ya kijiji kizima. Lilikohoa, likatema hewa na jongoo mmoja. Watu wazima walipiga makofi; sijui walimpigia nani, hewa au jongoo. Mgeni alikunywa soda, akaondoka bila hata kuuliza choo kiko wapi. Mama Osmunda alipita kwetu, akanyoosha mkono. Mama akampa boya lake. Akapanda mlimani, mjukuu mgongoni.

Sasa ninaishi Dar es Salaam, nina shahada, na choo cha nyumba ya shirika ninayopanga kinachuruzika wakati mtaa wa pili unanunua maji kwa ndoo. Nilipolalamika, ofisi ilinijibu nisiguse, fundi atakuja. Nimefunua tangi, nimekunja mkono wa shati hadi kwenye kiwiko. Kichefuchefu ni kilekile.