Sare za Kwenda Bichi

Nani hupeleka mtu wa magongo kwenye mchanga? Hebu niambie. Mtu mwenye akili zake humpeleka mgonjwa kwenye kochi, au hata kwenye benchi la kanisa. Marafiki zangu walinipeleka bichi, huko ziwani Port Victoria, na hatua ya kwanza tu gongo la kulia likazama nusu nzima, nikabaki nimening'inia kwa kwapa. Wakacheka. "Pole pole, Mama Levi!" Pole pole ya nini?

Najua mtasema asante ya punda ni mateke. Semeni tu.

Mimi ni Nasike, mama yake Levi, fundi wa nguo hapa Kanduyi, Bungoma, miaka kumi na tisa kwenye kibanda kimoja. Mwezi wa pili nilipanda Kapsokwony kupeleka sare za kwaya, na wakati wa kurudi pikipiki ikateleza kwenye ile miteremko yao. Kifundo cha mguu wa kulia kikavunjika mahali pawili. Nikafungwa plasta, nikaenda kukaa kwa dada yangu Dinah, Kitale. Ufunguo wa kibanda nikamwachia rafiki yangu Rosaline awe ananifagilia.

Plasta ilitolewa mwezi wa tano. Daktari akasema mfupa umeunga. Umeunga kweli, lakini nilipojaribu mashine ya kushona ya Dinah akiwa sokoni, kisigino kilishuka na vidole vikakataa kupanda. Kukanyaga pedali ni kushuka na kupanda, na mguu wangu ulikuwa unajua kushuka tu. Wa kushoto peke yake unachoka kabla upindo mmoja haujaisha. Sikumwambia mtu yeyote. Nililia siku mbili, kisha nikaamua moyoni kwamba mashine yangu iuzwe, nami nitauza mboga kama wengine.

Basi hao wakaja Kitale alfajiri na gari la bwanake Lenah: Lenah mwenyewe, Chelagat na Rosaline, wote wa kikundi chetu cha kanisa. Na walikuwa wamevaa sare. Kitenge cha bluu chenye samaki wa njano, ati kwa sababu tunaenda bichi.

"Na yako hii hapa," Lenah akasema.

Nikaifunua. Haki ya Mungu, sijawahi kuona kitu kama hicho. Mkono mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwenzake. Upindo ulipanda na kushuka kama barabara ya Kapsokwony. Samaki wa mbele walikuwa wanaogelea kwenda juu, wa nyuma wote vichwa chini.

"Nani ameshona hii?"

"Si kuna fundi tu huko," Lenah akasema, akaangalia dirishani.

Moyo ulinikatika. Hawa watu nimewashonea za harusi, za ubatizo na za matanga. Mimi nalala na mguu juu ya mto, wao wananitafutia mwenzangu, tena kipofu! Nikaivaa hiyo gauni. Zipu ikakwama katikati, wakanifunga na pini.

Huko bichi nako ilikuwa sinema. Chelagat, mzaliwa wa mlimani, hakuvua sweta. Aliingiza kidole kimoja ndani ya maji, akakitoa, akaomba Mungu. Lenah alikuwa amebeba ugali, kuku na chupa mbili za chai, utafikiri ziwani kuna njaa. Halafu wakaufukia mguu wangu kwenye mchanga.

"Nyanyangu alikuwa anasema mchanga moto unavuta ugonjwa," Chelagat akanieleza.

"Nyanyako alizaliwa Mlima Elgon. Mchanga wa bichi aliuona wapi?"

Wakaniacha hapo nimepandwa kama muhogo, wakaenda kucheza majini. Kiwimbi kidogo tu kikaja, kisichoweza kuangusha hata bata, Lenah akaruka, na mshono wa ubavuni ukaachia kutoka kwapa mpaka pajani. Kraa! Kulikuwa na kikundi cha kanisa lingine pale karibu, nao wakageuka wote. Mimi nilicheka mpaka machozi.

"La kuvunda halina ubani!" nikapiga kelele. "Nionyesheni huyo fundi wenu! Nataka nimwone na macho! Ni mtu ama ni mbuzi?"

Hakuna aliyecheka. Rosaline alikuwa amesimama na maji magotini, analia.

"Ni mimi," akasema.

"Ni wewe nini?"

"Ni mimi nilishona. Na mashine yako."

Ikabidi waje wakae, wanieleze. Kumbe wateja walikuwa wanakuja, wanakuta kumefungwa, wanaenda kwa mafundi wengine. Hawa watatu wakaona nitarudi nipate kibanda hakina wateja. Kwa hivyo Rosaline akaanza kushona, Lenah akawa anakata vitambaa, Chelagat anapiga pasi. Kila siku, tangu mwezi wa tatu.

Nilitaka kumkumbatia Rosaline, na vidole vyake nilivyoviona sasa vimejaa matundu ya sindano. Halafu nikakumbuka kuuliza.

"Na wateja wanajua ni wewe?"

"Wataturudia aje wakijua?" Lenah akajibu, tena kwa maringo. "Tunawaambia wewe ndiye unashona huko Kitale, sisi tunaleta tu. Hakuna hata mmoja ametoroka, bana!"

Mungu wangu. Miezi mitatu Bungoma nzima inatembea na mikono isiyolingana, na jina langu juu yake.

"Mama Pasta alikuja?"

"Alileta kitambaa cha harusi ya bintiye," Rosaline akasema, sauti chini. "Gauni sita za wasimamizi. Nimeshamaliza nne."

"Mikono inalingana?"

Akafuta pua. "Karibu ilingane."

"Harusi ni lini?"

"Jumamosi ijayo."

Nikautoa mguu mchangani. Nikaweka kisigino chini, nikaviambia vidole vipande. Vikakataa. Nikavilazimisha tena, maumivu yakapanda mpaka kiunoni, nikauma meno.

"Mama Levi, si daktari alisema pole pole?" Chelagat akaingiwa na hofu.

"Daktari hajaona hizo gauni."

Mara ya sita, ama ya saba, sikuhesabu vizuri, vidole vikapanda. Kidogo tu, unene wa sarafu. Nikavishusha, nikavipandisha tena.

"Nipeni magongo," nikasema. "Mashine haiuzwi."

Wakanikodolea macho wote watatu, maana hakuna aliyejua kwamba ilikuwa inauzwa.