Shuka za Mama Mkwe

Chekeni tu, hata mimi najicheka. Nimezaliwa mtaa wa Huruma, mjini, na kwetu ukianika nguo unakaa hapo hapo kuzilinda. Ukienda kunywa chai, utarudi ukute kamba tupu.

Juzi nilimtembelea mama mkwe kule Ukambani. Jamani, boma lile! Uwanja umefagiliwa hadi unang'aa, na mapapai unayachuma ukiwa umesimama mlangoni. Nikataka nionekane mke wa maana, nikafua shuka zote za nyumba, kisha nikaketi kwenye kigoda kuzilinda.

"Njoo ule," mama mkwe akaniita.

"Zikikauka, mama."

Usingizi ukanipitia. Kufungua macho, mzee nisiyemjua anaondoka na shuka zetu begani.

"Mwizi! Mwizi!"

Nilipiga mayowe ya Huruma kabisa. Watu wakaja mbio na marungu.

Mzee hata hakushtuka. "Mwanangu, mimi ni jirani. Mvua inakuja, nikaona umelala, nikakuanulia."

Tone la kwanza likaniangukia puani. Wenye marungu wakayaweka chini, wakaanua zilizobaki.

Mama mkwe akatokea mlangoni na sahani yangu. "Sasa utakula?"