Damu Iliyolewa Yenyewe

Mtaa mzima wa Landless, hapo Thika, ungetafuta mtu wa kumshuku kwa pombe, Mwanaharusi angekuwa wa mwisho. Alikuwa mpishi wa mahamri na adui wa mabaa. Baa mpya ikitaka leseni mtaani, yeye ndiye aliyegonga mlango mmoja baada ya mwingine kukusanya sahihi za kuipinga, ustadhi na pasta wakimfuata nyuma kama wasaidizi wake. Mumewe, Samir, alikuwa akisema kwamba mkewe angeweza kunusa chang'aa inayopikwa mtaa wa Kiandutu akiwa amelala.

Asubuhi moja alikuwa akipeleka mahamri Ruiru kwa gari lake, Probox. Siku hizo mwili haukuwa sawa. Kiu haikumwisha, miguu ilikuwa mizito, na macho yaliona ukungu hata jua likiwaka. Alidhani ni uchovu, akawa anajitibu kwa chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha. Alipofika Kiuu, njiani, barabara ilimcheza machoni. Probox ikaacha lami, ikaingia polepole kwenye rundo la kabeji la Idah, muuza mboga. Hakuna aliyeumia, ila kabeji zilishuka mteremko na Idah akazifuata.

Konstebo Kagwe, aliyekuwa akinywa uji hapo karibu, alimkuta Mwanaharusi bado ameshika usukani, ulimi mzito, pumzi ikinuka utamu wa ndizi iliyoiva kupita kiasi.

"Mama, umekunywa nini?"

"Chai."

"Chai gani inanuka hivyo?"

Mwanaharusi mwenyewe aliomba apulize kile kifaa cha kupimia walevi. Kifaa kilikuwa kimeharibika. Basi akapelekwa zahanati, akatolewa damu, ikatiwa vichupa viwili, kimoja cha maabara na kingine cha akiba. Yeye akaachiliwa kwa dhamana arudi nyumbani. Vichupa vikaenda kituoni, na kwa kuwa ilikuwa mwanzo wa wikendi ndefu ya sikukuu, vikakaa huko. Baadaye kimoja kilifika maabara, cha akiba kikabaki kituoni, na majibu yakasema Mwanaharusi alikuwa amelewa kupita kiwango cha sheria.

Habari ya majibu ilienea Landless siku hiyo hiyo. Ustadhi alituma salamu kwamba anamwombea. Samir hakuamini, lakini siku hiyo walipokaa kula alimtazama mkewe kwa jicho la pembeni.

"Kama kuna kitu, niambie tu," alisema. "Mimi niko na wewe."

Mwanaharusi akaiondoa sahani ya mumewe kabla hajamaliza kula.

Waliofurahi ni wateja wa baa. Karanja, fundi wa viatu aliyehubiriwa na Mwanaharusi kwa miaka mingi, alimsimamisha njiani akampa mkono kwa mikono miwili.

"Mama Zahra, karibu kwetu," akasema. "Sisi hatuulizi mtu alianza lini."

Kesi ilikuwa korti ya Thika. Wakili wake, Perez, alikuwa amesoma na bintiye Zahra. Mwanaharusi alimtaka aombe kile kichupa cha akiba nacho kipimwe.

"Mama, kikirudi vibaya tutakuwa tumejimaliza," Perez akamwonya.

"Damu ni yangu. Najua nilichoweka ndani."

Hakimu alikubali. Siku ya majibu Karanja alikaa kiti cha mbele, amevaa koti la harusi, amekuja kumpa moyo. Njau, mkemia aliyepima vichupa vyote viwili, alisimama akasoma. Kichupa cha pili kilikuwa na pombe karibu mara mbili ya kile cha kwanza.

Korti ikaguna. Karanja akamnong'oneza Samir, "Huyu mkeo anaiweza." Mwanaharusi alishika kizimba kwa mikono yote miwili.

Lakini Perez alikuwa ameinuka na swali. "Damu hii ilitolewa mkono mmoja, wakati mmoja. Mbona vichupa vinatofautiana?"

"Hilo limeninyima raha tangu nilipokipima cha pili," Njau akajibu. "Pombe haiongezeki ndani ya kichupa kilichofungwa, isipokuwa kuna kitu kinaitengeneza humo humo. Nimeangalia tena. Vichupa vyote havikuwa na dawa ya kuhifadhi, na damu yenyewe ina sukari nyingi mno. Vijidudu vya jamii ya hamira vikipata sukari na joto, vinatengeneza pombe."

Hakimu akavua miwani. "Unaniambia damu iliendelea kunywa baada ya kumwacha mwenyewe?"

"Karibu hivyo, Mheshimiwa. Mashine yangu ilipima sawasawa kile nilicholetewa. Haikuweza kuniambia pombe iliingia lini."

Kagwe alipoulizwa vichupa viliwekwa wapi, alikohoa kwanza. "Kwenye droo ya meza, Mheshimiwa. Ile ya karibu na dirisha."

"Kumbe iliumuka," Mwanaharusi akasema kwa sauti, bila kukusudia. Maisha yake yote alikuwa akiacha unga uliotiwa hamira juani, na hakuhitaji kuelezwa zaidi. Hata karani wa korti alicheka.

Kesi ikatupiliwa mbali. Nje ya mlango Njau alimfuata mbio. "Mama, furahia baadaye. Nenda kliniki leo hii. Sukari niliyoiona si ya mchezo."

Alienda, Samir amemshika mkono njia nzima. Kliniki walikuta ni kisukari, tena kilichokuwa kimeshika kasi. Ukungu wa macho, kiu, ile harufu ya ndizi, vyote vilitokana nacho. Daktari alimwambia angeendelea na chai yake vile, kabeji zisingekuwa kitu kibaya zaidi alichogonga. Kwa dawa na chakula alichopangiwa, macho yalirudi, na mahamri yakarudi barabarani.

Karanja siku hizi huja kwake Jumapili kunywa chai. Huja kabla hajaonja kitu kingine, kwa heshima ya kesi yao, kama anavyoiita. Chai ya nyumba hiyo sasa haina sukari hata chembe. Mara ya kwanza alipiga funda moja, akachungulia ndani ya kikombe.

"Mama Zahra," akasema, "hata baa hawatesi watu hivi."

Mwanaharusi akamjazia kikombe.