Mpira Wenye Doa la Njano

Kwa miaka ishirini na miwili Gaspar Luhende alikifagia chumba kile. Wachimba madini wa zamani walikijenga Mpanda kwa ajili ya skwoshi, mchezo wa kupiga mpira ukutani kwa raketi: kuta nyeupe, ndefu kama za kanisa, zisizo na dirisha. Wachezaji walipoondoka, yeye alibaki na ufunguo, raketi mbili na mipira miwili. Wenye doa la bluu ulidunda kama mbuzi aliyefunguliwa kamba, ulimngoja anayejifunza. Wenye doa la njano ulikuwa mzito, haukuinuka mpaka upigwe sana upate joto. Huo ulikuwa wa mafundi.

Mwaka 1994 jengo liliangukia mikononi mwa chama cha ushirika, na meneja wake mpya, Bwana Danford, akasema atakuja Jumamosi kuujaribu mchezo. Akiupenda, chumba kitabaki. Asipoupenda, kitakuwa ghala la mahindi.

"Mpe wa bluu," Nyanzala, mke wa Gaspar, alimwambia mumewe asubuhi ya Jumamosi hiyo.

"Ndio nitakaompa."

"Haya. Nakujua wewe. Ukimwona mtu aliyevaa tai, ulimi unageuka uji."

Bwana Danford alifika na karani wake, Hilari. Gaspar akamnyooshea mpira wa bluu kwa mikono miwili.

"Na huo mwingine?" aliuliza meneja.

"Huo ni wa waliobobea, mzee. Huu wa bluu ni wa… wa wanaoanza."

Hilari akaangua kicheko. "Wa chekechea! Mzee Gaspar, bosi wetu unamletea mpira wa chekechea?"

Meneja alitabasamu, lakini shingo ilikuwa imekakamaa. "Mzee wangu, kwenu mgeni anapewa firigisi au shingo ya kuku?"

"Firigisi, mzee."

"Basi nipe firigisi."

Gaspar aliubana mpira wa njano kwapani, akauombea joto, kisha akautoa. Angefanya nini? Hakuna mtu wa kwao aliyewahi kumnyima mgeni firigisi.

Bwana Danford akapiga. Mpira ukagusa ukuta, ukaanguka, ukalala. Akauinamia, akapiga tena, ukalala tena. Mara ya kumi shati lilikuwa limemganda mgongoni, na Hilari alikuwa anatazama viatu vyake.

"Mzee, labda tungejaribu…" Gaspar alianza. Wa bluu ulikuwa mfukoni, vidole vyake vimeushika.

"Tujaribu nini?"

Ulimi ukageuka uji. "Hakuna, mzee. Unapiga vizuri."

Meneja aliiegemeza raketi ukutani. Alipangusa uso, akatembea kutoka pembe hadi pembe kwa hatua ndefu, midomo ikihesabu magunia. Kisha akainua macho juu.

"Paa linavuja?"

Gaspar naye akatazama juu. Kila masika alipanda huko na lami, akafuata kila tundu kwa kidole.

"Halivuji, mzee," alisema. "Nimeliziba mwenyewe."