Waya Niliouvuta Chini ya Laini Kubwa

Laini kubwa ya umeme inapita juu ya shamba letu la kahawa huko Iyula, lakini nyumba ya mama haikuwa na umeme. Nilipokuwa fundi redio Tunduma, nilijifunza kwamba waya mrefu ukiwekwa sambamba na laini kama ile hupata umeme kidogo, hata kama havigusani.

Msimu wa kuchuma kahawa nikarudi nyumbani na waya. Nilisimamisha fito kavu kati ya mibuni, nikauvuta waya juu yake hadi jikoni, na waya mwingine nikauchimbia ardhini. Taa ndogo, saizi ya punje ya mahindi, ikawaka. Mama aliacha kupepeta maharage, akaitazama.

“Haitatudhuru?”

“Ni umeme kidogo, mama. Hauui mtu.”

Niliamini nilichosema. Asubuhi ya tatu alitangulia shambani, miguu peku, umande umejaa. Alishika waya ili ainame apite chini yake. Nilikuwa uani nanawa uso niliposikia ukelele mfupi. Nilimkuta chini, mkono wa kulia umepinda. Umeme ulimshtua tu. Kilichomvunja ni kisiki alichokiangukia.

Nilipaswa kukimbia kumwita jirani mwenye pikipiki. Badala yake nilichukua kwanza koleo, nikaukata waya, nikauviringisha na kuuficha chini ya magunia. Nilijiambia ni kwa usalama. Mama alikuwa amekaa pale pale, ameshikilia mkono wake, akinitazama kila nilipopita.

Hospitalini muuguzi aliuliza kilichotokea. Nilifungua kinywa.

“Niliteleza,” mama akasema.

Tuliporudi nilimuuliza kwa nini alisema vile.

“Ulishaficha waya,” alijibu. “Ningesema nini tena?”

Sikurudi Tunduma. Nilichuma kahawa yote mwaka ule, na miaka iliyofuata. Mfupa uliunga vibaya. Hadi leo mama hawezi kukamua nguo wala kusonga ugali, na mimi ndiye ninayepika.

Dada zangu wakija kututembelea hunisifu mbele ya wageni, kwamba niliacha kazi yangu mjini kwa ajili ya mzazi. Mara kadhaa nimetaka kuwaeleza, nikaishia kuongeza maji kwenye chai. Mama huwa amekaa hapo hapo, anasikia kila neno, kisha ananisogezea kikombe chake kwa mkono wa kushoto.